Uongo wa Macho: Nasaha kwa Watengeneza Video, Nikianza na Nafsi Yangu

Bismillaahir Rahmaanir Rahiim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake wote. Ama baad.



Mhariri aliniomba niandike nasaha juu ya mwanafunzi wa Kiislamu na akili mnemba. Nilikubali haraka, kisha nikakaa wiki tatu bila kuandika hata mstari. Ningeweza kukusanya aya na hadithi, nikazipanga, nikamaliza. Lakini katika jambo hili mimi si mtazamaji wa pembeni. Nimelifanya kwa mikono yangu na limemuumiza mtu. Nikiwapa nasaha huku nimelificha hilo, nitakuwa nawauzia dawa ambayo mwenyewe sijainywa.

Wengi mnanijua kama yule kijana wa Zambia. Nyumbani kwetu ni Nchelenge, mkoa wa Luapula, ukingoni mwa Ziwa Mweru. Kutoka hapa Morogoro unapanda basi hadi Tunduma, unavuka mpaka Nakonde, unapita Kasama na Luwingu hadi Mansa, halafu unageuka kaskazini, unapita Mwansabombwe kwa Mwata Kazembe, ndipo unaliona ziwa. Ng'ambo ni Kongo. Sokoni Kashikishi lugha ni Kibemba, lakini Kiswahili cha Kongo hakikosekani, maana watu wa Pweto na Kilwa huvuka kwa biashara, na tangu kambi ya wakimbizi ya Mantapala ilipofunguliwa mwaka 2018 kimezidi kusikika. (Hiyo Kilwa si ile ya Lindi. Kwetu kuna Kilwa mbili, kisiwa kilicho upande wa Zambia na mji ulio upande wa Kongo, na wageni huzichanganya kila siku.) Waislamu tu wachache. Ijumaa msikiti wetu ukijaa sana ni safu nne.

Watu wa visiwani, yaani Kilwa, Chisenga na Isokwe, usafiri wao ni boti za mbao zenye injini. Ziwa likitulia, ni safari ya kupiga soga. Upepo ukibadilika, mambo huwa mengine. Hakuna familia ya ukingoni isiyo na jina la mtu aliyekwenda na maji. Naomba mlikumbuke hilo, maana mimi nililisahau.

Sasa mchezo wangu. Nilipokuwa gredi ya kumi, binamu yangu aliniachia laptopu chakavu yenye gemu la Assassin's Creed IV: Black Flag, lililotoka mwaka 2013. Ni gemu la maharamia wa bahari ya Karibiani. Kwenye mapigano sikuwa hodari hata kidogo. Nilichopenda ni kusimamisha merikebu jua linapozama na kupiga skrinshoti. Nilikusanya mamia: mawimbi, matanga, mvua inakuja kwa mbali. Baadaye nikaanza kuziunga kuwa video fupi, naweka qaswida chini yake, nawatumia marafiki. Duniani kuna watu wengi wenye mapenzi haya, wanatengeneza video kutokana na magemu wanayoyapenda, na wengi wao hawapati hata senti. Nawaelewa vizuri. Kuna raha ya kweli katika kusubiri mwanga ukae pale unapoutaka.

Kisha zikaja programu za akili mnemba. Unaipa programu picha moja tu iliyoganda, unaiandikia unachotaka kitokee, nayo inakutolea sekunde kadhaa za picha zinazotembea. Watu husema imeona. Haijaona kitu. Inakisia: kwa kuwa imelishwa picha nyingi kupita kiasi, inakisia wimbi likiwa hapa litaangukia wapi, na mtu akiwa ameshika ukingo wa boti mkono wake utateleza vipi. Ni ukisiaji mzuri wa kutisha, lakini ni ukisiaji.

Likizo ndefu ya mwaka jana nilikuwa nyumbani. Siku moja upepo ulikuwa mkali, watu hawaendi popote, nami na mdogo wangu tulikuwa na bando la kutosha. Nikachukua skrinshoti yangu ya dhoruba ya Karibiani, nikaiambia programu iondoe merikebu na iweke boti ya mbao ya rangi ya bluu, yenye abiria na magunia, kama zile zetu. Ikafanya. Nikaiambia boti ipinduke. Ikafanya. Nikaunga vipande vitatu vikawa sekunde arubaini, nikaongeza sauti ya upepo na watu wanaopiga kelele. Mdogo wangu alisema, “Kaka, hii ni Mweru kabisa.” Nilifurahi. Wallahi nilifurahi sana. Nikaituma kwenye kundi la familia la WhatsApp bila maelezo yoyote, maana nilidhani kila mtu anajua kazi zangu.

Hiyo ilikuwa baada ya Adhuhuri. Kabla ya Alasiri ilikuwa imetoka nje ya familia. Sijui nani aliitoa na sikutafuta. Kufikia Alasiri ilikuwa na maneno chini yake, Kibemba na Kiswahili, kwamba boti iliyotoka kisiwa cha Kilwa asubuhi ile imezama na watu wote. Boti iliyotoka Kilwa asubuhi ile ilikuwepo kweli. Ilikuwa imechelewa kwa sababu ya upepo, imejibanza mahali ikisubiri ziwa litulie. Mwenye simu ndani yake alikuwa ameishiwa chaji.

Kulikuwa na mama mmoja, asili yake Pweto, muuza chisense, wale dagaa wetu wadogo. Mumewe alikuwa ndani ya boti ile. Alioneshwa video sokoni. Alikimbia hadi ufukweni, akatoa pesa aliyokuwa ameiweka ya kununulia magunia ya chisense, kwacha 900, akawalipa vijana wawili petroli na ujira waende wakatafute. Vijana wakaingia ziwani katika upepo uleule. Mnaelewa nilichofanya? Video ya boti isiyokuwepo iliwatia watu wa kweli majini.

Allah alisitiri. Vijana walirudi salama. Boti ikafika baada ya Isha na watu wake wote.

Usiku ule nilikwenda kwa ustadhi wetu. Nilikwenda na swali la kimasomo, na leo naona haya kulisimulia. Nilimuuliza: katika fiqhi, mtendaji na msababishaji wakikutana, dhamana inakuwa juu ya mtendaji. Mimi nilitengeneza tu. Aliyeandika yale maneno ya uongo ni mwingine. Je, nadaiwa? Mlio mwaka wa pili mnaijua kanuni hiyo, na mfano wake maarufu wa mtu aliyechimba kisima na mwingine akamsukumia mtu ndani. Anayedaiwa ni aliyesukuma.

Ustadhi aliniuliza, “Kisima chako ulichimba wapi? Shambani kwako au njiani?”

Nikanyamaza. Wanafunzi wa fiqhi mnajua kwa nini. Mwenye kuchimba njia ya watu wote bila idhini anadaiwa hata kama hakumsukuma mtu, kwa kuwa kule kuchimba kwenyewe ni kuvuka mpaka. Halafu akasema, “Umeshakwenda kwa yule mama? Basi hapa kwangu umekuja kufanya nini?”

Kesho yake shangazi alinisindikiza. Tulimkuta mama yule anachambua chisense juu ya mkeka. Nikapiga goti, nikaamkia, shangazi akaeleza. Akanitazama muda mrefu.

“Njo weye?”

“Ndiye mimi, mama. Nisamehe.”

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alisema alimwona mumewe kwenye ile video. Shati lake, kichwa chake, namna anavyokaa. Alimwona akishika ukingo wa boti na mkono ukiteleza. Nilitaka kumwambia kwamba yule mtu si mtu, ni ukisiaji wa programu, na shati lile hakuna aliyelishona. Lakini mumewe alikuwa ndani amelala, nasi tukimsikia anakoroma, na bado mama yule akasema kwa Kiswahili chao: “Ata sasa, akilala, niko namuona mu mayi.” Hata sasa, akilala, namwona majini.

Nilipewa msamaha siku ile. Hicho kingine sina namna ya kukirudisha.

Ndugu zangu, ipo hadithi ndani ya Sahihi Bukhari, kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.), ambayo tuliisoma muhula wa kwanza nami nikaijibia mtihani vizuri bila kuielewa. Mtume (s.a.w.) anawataja watu watatu mahali pamoja. Mtu anayedai ndoto ambayo hakuiota, atatakiwa aunganishe punje mbili za shayiri kwa fundo, wala hataweza. Mtu anayetega sikio kwa mazungumzo ya watu wasiotaka asikie. Na mtu anayetengeneza sura, atatakiwa aipulizie roho, wala hawezi. Siku zote nilijiuliza mwongo wa ndoto na mtengeneza sura wamekutanishwa kwa lipi. Hadithi inayoifuatia, ya Ibn Umar (r.a.), ndiyo iliyonifungua: maana yake ni kwamba miongoni mwa uongo mkubwa kabisa ni mtu kuyaonesha macho yake kile ambacho hayakukiona. Angalieni kitenzi chake kwa Kiarabu, mlio na kamusi. Hakisemi “kusema ameona”. Ni kuyaonesha macho.

Wanazuoni wameisherehesha hadithi hiyo kwa ndoto, na mahali pake ni mlango wa ndoto. Mimi si mufti, siipeleki kwenye video kwa hukumu. Nasema tu kwamba tangu nilipokaa mbele ya mkeka ule siwezi kuisoma bila kumkumbuka mama yule. Uongo wa maneno mtu anaweza kuukataa. Ukimwambia mtu mumewe amezama atauliza nani kasema. Ukimwonesha, shahidi ni macho yake mwenyewe, na shahidi huyo utamkanusha kwa lipi?

Kuna ndugu atasema: basi yote haramu, zimeni simu. Taratibu. Katika Sunan Abi Dawud, Mtume (s.a.w.) alirudi safari, upepo ukafunua pazia la rafu ya Mama Aisha (r.a.), wakaonekana wanasesere wake, na katikati yao farasi mwenye mabawa mawili ya vitambaa. Akauliza ni nini, akajibiwa ni farasi. Farasi mwenye mabawa? Bibi Aisha akamuuliza kama hakusikia kwamba Nabii Sulayman (a.s.) alikuwa na farasi wenye mabawa. Mtume akacheka hadi magego yake yakaonekana. Naipenda hadithi hii. Kubuni hakukukemewa pale. Lakini mabawa yalikuwa vitambaa, na kila aliyemwona yule farasi alijua ni vitambaa. Hakuna aliyetoka nyumbani mle akakimbilia ufukweni.

Na msiseme kwamba nilikuwa natania tu. Utani nao umetajwa. Abu Dawud huyohuyo amepokea kwamba masahaba walikuwa safarini na Mtume (s.a.w.), mmoja wao akalala, wenzake wakachukua kamba aliyokuwa nayo, akazinduka kwa hofu. Mtume akabainisha kuwa si halali kwa Mwislamu kumtisha Mwislamu. Kamba tu! Na aliyelala aliamka, akaiona kamba yake, hofu ikaisha palepale.

Waliosambaza nao wana fungu lao. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamuru tuhakikishe habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta, na katika utangulizi wa Sahihi Muslim tunafundishwa kwamba inatosha kuwa uongo kwa mtu kusimulia kila alichosikia. Lakini nafsi yangu ilikuwa inapenda sana aya hizo kwa sababu zinamwelekea msambazaji. Iliyonitoa jasho ni ile ndoto ndefu ya Mtume (s.a.w.) aliyoipokea Samura bin Jundub (r.a.), ambamo alioneshwa mtu anapasuliwa shavu kwa ndoano ya chuma hadi kisogoni, likipona linapasuliwa tena. Akaelezwa kuwa huyo ni mtu anayetunga uongo, ukachukuliwa kutoka kwake hadi kufika pande zote za dunia. Tazameni: wanaouchukua ni wengine. Shavu ni lake.

Wala si jambo la Nchelenge peke yake. Novemba 2022 kampuni ya Kicheki Bohemia Interactive, inayotengeneza gemu la kivita la Arma 3, ililazimika kutoa tamko kwamba video za gemu lake zinasambazwa kama picha halisi za vita vya Ukraine. Na sisi wa da'awa tusijitoe. Ramadhani iliyopita iliniijia video ya mawaidha yenye majengo mazuri ya “Baghdad zama za Harun al-Rashid”. Niliyatambua mara moja: ni skrinshoti za Assassin's Creed Mirage ya mwaka 2023, zimechangamshwa kwa akili mnemba. Gemu lile limewekwa mwaka 861, zaidi ya miaka hamsini baada ya Harun kufariki, na wakati huo makhalifa walikuwa wanakaa Samarra. Waliotengeneza nia yao njema, sina shaka. Ila kijana aliyeipokea ataamini ameiona Baghdad. Wangeandika tu pembeni kwamba picha hizi ni za gemu, wangepungukiwa na nini?

Kuhusu kutumia skrinshoti za wenyewe, nitasema kwa ufupi. Baraza la Fiqhi la Kimataifa la Jumuiya ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, liliamua kwamba haki za utunzi na ubunifu ni haki zinazolindwa kisheria. Kampuni nyingi za magemu zinaruhusu mashabiki kutengeneza video zisizo za kuuza, kila moja kwa masharti yake. Soma masharti, uyafuate. Kuhusu hukumu ya picha zenyewe, kamera na sura, wanazuoni wametofautiana tangu zamani na kitabu chako cha fiqhi kinakutosha. Sitaki tuingie humo tukasahau boti.

Zile kwacha 900 nilizilipa. Mama alikataa, shangazi akasisitiza, akakubali. Nilibeba magunia kwenye mwalo wa Kashikishi siku kumi na saba, mafungu mawili nikamkabidhi mkononi, la tatu nililituma kutoka hapa chuoni. Ustadhi alinikumbusha hadithi ya kuomba kuachiliwa leo kabla ya siku isiyo na dinari wala dirhamu. Nilituma pia masahihisho kwenye kila kundi nililoweza kufika, maana aya ya 160 ya Al-Baqara inapowataja wanaotubu haiishii kwenye toba. Inataja kutengeneza, kisha inataja kubainisha. Niliandika kwa Kibemba na Kiswahili kwamba ile ni ya kubuni na mimi ndiye niliyeibuni. Wachache waliijibu. Masahihisho hayana mawimbi wala kelele, nani atayasambaza?

Nilipokuwa narudi chuoni, kwenye basi la Mansa, tulipoiacha Mwansabombwe, mzee mmoja aliyekaa karibu nami aliniuliza ninatoka wapi. Nilipomjibu, akatoa simu. “Mliwazika wale?” Ilikuwa ni ileile. Imekatwa mwanzo, na maneno mapya yalitaja idadi ya maiti. Nilimwambia, “Tata, hiyo si kweli. Niliitengeneza mimi, kwa kompyuta, nyumbani.” Akaitazama tena hadi mwisho. Akanitazama mimi. Kisha akaniambia si vizuri kijana wa kidini kufanya mzaha na watu waliokufa, akageukia dirishani.

Kwa hiyo nabainisha na hapa. Video ina sekunde arubaini, au thelathini kama imekatwa. Boti ni ya bluu. Nyuma yake amekaa mwanamke mwenye kitenge cha njano. Ukiisimamisha pale boti inapoanza kulala upande, utaona mkono wake wa kushoto una vidole sita. Mawimbi ni ya Karibiani. Hakuna aliyezama. Ikiwa imekufikia, kwa jina la Mweru, au Tanganyika, au ziwa jingine lolote, usiishie kuifuta. Mrudie aliyekutumia umwambie, na umpe jina langu, mhariri analo.

Wallaahu a'lam.